Jiko la Homer, Brashi ya Marge

Kila nikizungumzia sanaa ya kisasa, hakosekani wa kuniambia: "Mwalimu, sanaa hiyo hata mtoto anaweza; katuni ya The Simpsons ilishaimaliza hoja hiyo." Anakusudia sehemu iitwayo "Mom and Pop Art", iliyorushwa Marekani Aprili 11, 1999. Basi leo tuitazame mpaka mwisho, maana nimechoka kutajiwa katuni hii na watu walioishia katikati.

Homer, baba wa familia ya Simpson, anajenga jiko la kuchomea nyama. Vipande vinatumbukia kwenye saruji mbichi, saruji inaganda, naye anapandwa na hasira, analipiga, anazidi kuliharibu. Dukani wanakataa kulipokea. Njiani linagonga gari la Astrid Weller, mwenye nyumba ya maonyesho. Mama huyo anamfuata Homer nyumbani, na badala ya kudai fidia anasema hii ni sanaa. Mzee Burns, tajiri wa mji, ananunua.

Hapo ndipo mnapocheka na kusema, "Hata mwanangu anaweza!" Ngojeni kwanza! Homer anarudi kwenye maonyesho na kazi nyingine za namna ile ile, na hakuna anayezitaka. Anaambiwa amejirudia. Mtu yule yule, mikono ile ile, na ameshindwa! Mwanao ataweza vipi? Hasira ya kwanza ilimjia yenyewe. Ya pili aliitafuta ili auze. Mchongaji yeyote anaijua tofauti hiyo, na waandishi wa katuni hii waliijua pia.

Mtasema wanunuzi wamechorwa kama wapumbavu. Ni kweli, na wamestahili. Lakini anayepanga bei si anayetengeneza kazi. Jasper Johns, mchoraji halisi wa zile bendera za Marekani, aliigiza humo kwa sauti yake mwenyewe, akionyeshwa anadokoadokoa vitu vya watu. Angekubali kama angeona sanaa yake inatukanwa?

Linaloniuma mimi ni Marge, mke wa Homer, na kuhusu yeye sijawahi kuulizwa hata siku moja. Huyu ndiye mchoraji wa nyumba ile. Aliacha kuchora tangu shuleni, mwalimu alipomvunja moyo, akarudia akiwa mama wa watoto watatu. Katika sehemu iliyorushwa Aprili 11, 1991, miaka 8 kamili kabla, alimchora Burns huyu huyu, uchi, mzee, dhaifu, na picha ikazinduliwa mbele ya watu kwenye jumba la sanaa la mji. Leo Burns anatoa pesa kwa saruji ya mumewe! Marge ametamani kutambuliwa maisha yake yote, na anayepata ni mtu ambaye hata hakutaka. Ndugu zangu, kejeli kali ya sehemu hii iko hapo, jikoni kwa Marge, na ninyi mnaipita mkikimbilia saruji.

Naona naonyeshwa saa. Mafuriko nayataja tu: Homer anasikia habari za msanii Christo na miavuli mikubwa aliyoisimamisha nje kama sanaa, anakumbuka picha ya mchoraji Turner ya Venice, mji wa mifereji ya maji, na usiku anaujaza mji maji. Asubuhi watu wanafungua milango, wanashtuka, kisha wanaanza kuogelea barabarani.