Miaka 33 ya kocha msaidizi: Bud Foster wa Virginia Tech

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Asanteni mliobaki ukumbini, najua mmeanza toka asubuhi na chakula kimechelewa, sitawachosha. Nimeombwa niongelee kazi ya kocha msaidizi, na nilipoombwa tu nikajua namuongelea nani. Namuongelea mzee mmoja wa Marekani anaitwa Bud Foster, wa futiboli yao ile ya kuvaa helmeti, ya vyuo vikuu. Wengi humu ni watu wa soka kama mimi. Nivumilieni, mchezo ni mwingine ila benchi la ufundi ni lilelile.

Mi nina miaka 11 kama msaidizi. Na katika hiyo miaka 11 swali ninaloulizwa kuliko yote, msibani, harusini, kwenye daladala, ni hili: sasa wewe timu yako utapewa lini? Yaani mtu anaona kama uko kwenye foleni ya kitu. Nikimwambia mi kazi yangu ndo hii na naipenda ananionea huruma. Ndo maana nilipoanza kumfuatilia huyu mzee nilikesha, nilisoma kila nilichopata.

Kwanza muelewe kazi ilivyo kule. Futiboli ya Kimarekani timu ni kama timu mbili ndani ya moja, kuna watu wa kushambulia na watu wa kuzuia, mpira ukibadilisha mikono kundi zima la uwanjani linatoka linaingia jingine. Kwa hiyo kocha mkuu hawezi peke yake. Ana mratibu wa mashambulizi, ana mratibu wa difensi, yaani wa kuzuia, na chini yao kuna makocha wa nafasi, huyu wa mabeki, huyu wa wale wakubwa wa mstari wa mbele, huyu wa lainibeka, yaani wale wanaosimama nyuma kidogo ya mstari na kumuwinda mwenye mpira. Miaka mingi sheria iliruhusu wasaidizi 9 wa ajira kamili, 2018 ikawa 10. Chini yao kuna vijana waliomaliza kucheza, wanasoma shahada ya pili huku wanafanya kazi za benchi, kukata video, kupanga mazoezi, kuchora mifumo ya mpinzani wa wiki ijayo, posho ndogo na usingizi hakuna. Na juu ya hayo yote msaidizi anatafuta wachezaji, anapewa eneo lake la nchi, anaendesha gari masaa, anakaa sebuleni kwa watu kumwambia mama wa kijana wa miaka 17 kwamba nipe mwanao nitamlea. Hilo neno ni zito jamani. Anayelitoa mara nyingi ni msaidizi, afu kocha mkuu akitimuliwa msaidizi naye anafungasha, na yule mama anabaki na ahadi ya mtu ambaye hayupo.

Foster alianza hivyohivyo. Kazaliwa Somerset, Kentucky, mwaka 1959, akacheza chuo cha Murray State hukohuko Kentucky, akamaliza akabaki palepale kama kijana wa benchi 1981. Mwaka huohuo Frank Beamer ndo akapewa ukocha mkuu wa Murray State. Msimu wa 1987 Beamer akahamia chuo cha Virginia Tech, mji wa Blacksburg, jimbo la Virginia, milimani kule, akamchukua Foster awafundishe lainibeka. Foster hakuhama tena. 1987 hadi 2019, hesabuni wenyewe, misimu 33 kwenye chuo kimoja, na hakuwahi kuwa kocha mkuu.

Sasa msidhani ilikuwa raha. Msimu wa 1992 walishinda mechi 2, wakapoteza 8, sare 1. Matokeo kama hayo mnajua yanakuwaje hata huku kwetu, watu wanataka vichwa. Beamer aliponea chupuchupu na benchi likabadilishwa. Foster akabaki, na kuanzia 1993 timu ikaanza kwenda mechi za mwaliko za mwisho wa msimu, zile wanazoita Bowl, bila kukosa mwaka hata mmoja mpaka 2019.

1995 akapewa difensi, akishirikiana na mwenzake. Mechi mbili za kwanza wamepoteza zote, ya pili Cincinnati wamewapiga 16 kwa 0. Hebu mjiweke pale, ndo kwanza umepewa majukumu, mechi mbili, huna kitu. Ya tatu wanakutana na chuo cha Miami, Miami ile ya miaka ile iliyokuwa inaogopwa nchi nzima, wakashinda 13 kwa 7. Difensi hiyo! Wakashinda 10 mfululizo, ya mwisho wakiwa wamewapiga Texas 28 kwa 10 kwenye Sugar Bowl.

Kwenye mwaka huohuo ndo kikaja kile kisanduku. Ni kisanduku cha chakula cha mchana, kikuukuu, cha aina wanayobeba wachimba makaa ya mawe. Maeneo yale ya milima ni ya wachimbaji, kila mtu anakijua, babu alikuwa nacho, baba alikuwa nacho, ukikiona unajua huyu anaingia kazini. Foster akakifanya alama ya difensi yake, mchezaji anaingia nacho uwanjani, ndani wameweka malengo yao yameandikwa. Hakuhitaji hotuba. Mi nimekaa na hilo wazo miaka, kwamba alichukua kitu cha watu wa pale pale badala ya kuagiza neno la mbali.

Na Aprili 16, 2007, mtajua habari hii, mtu aliingia na bunduki pale chuoni akaua watu 32, wanafunzi na walimu. Msimu ulipoanza majina ya wale 32 yalikuwa ndani ya kile kisanduku. Hapo sina la kuongeza.

Kuna tuzo inaitwa Broyles, ya kocha msaidizi bora wa mwaka, ilianza 1996, imeitwa jina la Frank Broyles, kocha mkuu wa zamani wa chuo cha Arkansas, kwa sababu yule mzee wasaidizi wake wengi walitoka wakawa makocha wakubwa. Foster aliichukua 2006, mwaka ambao difensi yake ilifungwa pointi chache kuliko zote za daraja la juu. Wengi walioichukua waliondoka kwenda kuwa wakuu, Kirby Smart aliichukua 2009 akiwa chuo cha Alabama, leo ana mataji mawili ya taifa na chuo cha Georgia kama kocha mkuu, na simsemi vibaya, ni njia yake. Nasema tu kwamba ipo na njia nyingine na mtu mwenye akili timamu aliichagua.

2015 Beamer akastaafu. Kwa kawaida mkuu mpya anakuja na watu wake, wa zamani wanaaga. Justin Fuente alipoingia akambakiza Foster na difensi yake. Kwa wakuu mlioko humu, hilo naomba mlifikirie mkiingia timu mpya.

Agosti 2019 akatangaza msimu huu ndo wa mwisho. Wiki mbili za Novemba wakawapiga Georgia Tech 45 kwa 0, wakawapiga Pitt, yaani chuo cha Pittsburgh, 28 kwa 0, na ile ya Pitt ndo ilikuwa yake ya mwisho nyumbani, Lane Stadium, uwanja wa watu zaidi ya 65,000. Kocha wa Pitt, Pat Narduzzi, naye aliwahi kuchukua hiyohiyo Broyles akiwa msaidizi. Sifuri, mechi ya kuagwa!

Mwisho kabisa haikuwa hivyo. Desemba 31 kule Charlotte wakacheza na chuo cha Kentucky, cha jimbo alikozaliwa, zimebaki sekunde 15 wakafungwa tachidauni, lile goli lao la pointi 6, wakapitwa, na mechi ikaisha wamepoteza 37 kwa 30. Difensi yake ndo ilifungwa na akaenda nyumbani na hilo.

Mwaka uliofuata difensi akapewa Justin Hamilton, kijana aliyewahi kuicheza chini yake.