Yangeyange Mdogo na Maji ya Magotini

Ndugu zangu, wale ndege weupe tuliowaona njiani nyuma ya ng'ombe siwazungumzii leo. Wale ni yangeyange wa ng'ombe: wana mdomo wa njano, hula panzi wanaokurupushwa na kwato, na hata kwenye malisho makavu wanaishi vizuri. Wangu ni yangeyange mdogo. Mdomo mweusi, miguu myeusi, halafu vidole vya njano kana kwamba amekanyaga bizari.

Vidole hivyo ndivyo nyenzo yake. Hunyoosha mguu mmoja mbele, akautetemesha topeni. Visamaki na uduvi waliojificha hushtuka, na wakichomoka tu, mdomo umeshafika. Mara nyingine hukimbia huku na huku mabawa yakiwa wazi, akiwafukuza. Nimemtazama mara nyingi, sijamchoka.

Lakini ndege huyu ana urefu wa sentimita 60 hivi tu, na haogelei kama bata. Maji yakimpita magoti hali, yakikauka hali. Maisha yake yote yako kwenye kina cha shubiri moja.

Hapo zamani adui yake alikuwa bunduki. Wakati wa kuzaa huota manyoya marefu laini, na karne ya 19 kofia za Ulaya ziliyapandisha bei hadi yakaishinda dhahabu kwa uzito. Wanawake wa Uingereza waliokataa biashara hiyo walianzisha chama mwaka 1889. Sheria ya kuzuia kuingiza manyoya ikapitishwa mwaka 1921. Mwaka 1996 yangeyange mdogo akazaliana kisiwani Brownsea, kusini mwa Uingereza.

Kwetu Tanzania, tazameni Bonde la Kilombero, lililoingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu ya ardhioevu. Mto hufurika, kisha maji yakirudi huacha madimbwi yaliyojaa samaki wadogo. Hiyo ndiyo karamu yake. Na ndiyo sehemu inayolimwa kwanza, kwa sababu katikati pana kina na ukingoni ni rahisi kuchimba mfereji. Tunauita ukingo huo pori tupu, ilhali kambale na perege hukulia humo kabla ya kufika kwenye nyavu zetu. Hili linaniuma.

Kwa hiyo kesho asubuhi tukifika majini, msihesabu weupe. Tazameni miguu.