Watoto wa Mvua: Siku Mwalimu Aliacha Diski

KIPROP: Haya karibuni tena, mko na Kiprop hapa Nakuru na kando yangu kama kawaida ni Mwalimu Nafula. Mwalimu, leo hatuzunguki. Wiki jana tukimaliza kurekodi ulinitajia mambo ya diski nikakwambia ngoja, hio tutaiongea maiki ikiwa oni.

NAFULA: Na sijalala vizuri tangu hio siku. Wenye walisoma zamani wanaijua, wengine waliita monto. Ni kipande cha mbao kiko na kamba, ukipatikana ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, na ya kuitoa ni njia moja tu, umsikie mwenzako akiongea yake umpatie. Jioni mwenye amebaki nayo ndio anaadhibiwa.

KIPROP: Nimeivaa sana. Ukiwa nayo unafuata watu mpaka chooni, unangoja tu mtu ateleze neno moja. Rafiki yako kabisa.

NAFULA: Sasa mimi ndio mwalimu nilikuwa nawavalisha watoto. Nilianza kufundisha 2009, shule moja ya msingi upande wa Kaptembwa, na lazima mtu akumbuke Nakuru ilikuwa wapi wakati huo. Januari 2008 nyumba zimechomwa kwa vita vya baada ya uchaguzi, shoo graundi imejaa mahema ya waliokimbia, Kibaki na Raila wakatia sahihi mkataba wa amani Februari 28 lakini huku mitaani watu waliendelea kuangaliana tu kwa dirisha. Kwa hivyo sisi walimu tulikubaliana, hakuna mahali iliandikwa, usiulize mtoto kabila, lugha ya mama iachwe kwa geti, hapa ni Kiswahili na Kizungu, wote ni Wakenya basi. Niliona nawalinda.

KIPROP: Na hio woga ilikuwa na sababu, Mwalimu. Darasa moja liko na watoto wenye wazazi wao walikimbizana.

NAFULA: Ilikuwa na sababu, siwezi kataa, na sitawalaumu walimu wenzangu. Lakini skiza vile iliniangukia. Kama 2012 hivi, niko na darasa la nne, kuna kijana mmoja Mjaluo, mpole sana, amehamia kutoka mashambani huko Siaya. Akisoma anasema "sida" badala ya "shida", ju Kijaluo hakina hio sauti ya sh, na darasa linacheka, na mimi nilikuwa naacha wacheke kidogo ndio niseme nyamazeni. Hio "kidogo" ndio inaniuma mpaka leo. Diski ilikuwa inalala kwake.

KIPROP: Pole.

NAFULA: Siku moja nyanya yake akaja shule. Mama mzee, leso mbili, amebeba viazi vitamu kwa mfuko wa sukari, amesafiri kutoka nyumbani. Akasimama mlangoni akanisalimia, "Oyawore." Mimi Mbukusu, sikuelewa zaidi ya kujua ni salamu. Akaendelea kuongea, anaongea anacheka, ameshika mkono wangu. Nikamwita kijana nikamwambia nisaidie, nyanya anasema nini? Akaangalia chini. Akasema, "Sijui mwalimu. Simwelewi."

KIPROP: Na anamwelewa.

NAFULA: Amelelewa na yeye! Ndio lugha alijifunza kuongea nayo. Na yule mama alielewa kile mjukuu amesema, Kip, ju aliacha kucheka. Aliweka viazi kwa meza yangu polepole, akaenda. Na kwa ukuta nyuma yangu kuna chati nimeandika kwa mkono wangu, somo la jamii, Katiba ya 2010, Ibara ya 44, kila mtu ana haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake. Nimefundisha hio wiki hio hio. Na diski iko kwa droo.

KIPROP: Ukaitupa?

NAFULA: Niliipeleka jikoni kwa mpishi akaiweka kwa moto. Lakini kuacha kitu kibaya na kujua ufanye nini badala yake ni mambo mawili tofauti, nilikaa karibu muhula mzima sijui. Kwanza nikakosea tena. Nilikuwa nasimamisha mtoto, "wewe Chebet, tuambie Wakalenjin wanafanya aje harusi." Mtoto wa miaka kumi! Amezaliwa Rhonda, mamake Mkikuyu, hajawahi kuona hio harusi. Akalia. Nikajifunza mtoto hawezi kutumwa na kabila lake kama mbunge.

KIPROP: Hio ata kwa kazi za ofisi hutokea, watu wazima.

NAFULA: Halafu nikawapa kazi ya nyumbani moja tu, uliza kwenu, kwa nini nilipewa hili jina? Kesho yake hakuna mtu alitaka kutoka darasani. Otieno ni usiku. Kibet ni mchana. Kuna Nekesa wa wakati wa mavuno, Mkikuyu akasema nimeitwa babu yangu mzaa baba ju mimi ndio kifungua mimba, Msomali akataja jina lake, la baba, la babu, akaendelea mpaka babu wa saba tukapiga makofi. Halafu msichana akasema, mimi ni Akoth, nilizaliwa mvua ikinyesha. Mwingine akaruka, mimi pia! Cherop! Mimi nikasema, na mimi je, Nafula ni nini?

KIPROP: Mvua. Na Kiprop.

NAFULA: Na kule nyuma kuna Nyambura, na mbura ni mvua. Lugha nne, Kijaluo, Kikalenjin, Kibukusu na Kikuyu. Hao watoto walianza kukaa pamoja wakati wa chakula wakijiita watoto wa mvua, na sikuwapanga mimi.

KIPROP: Ile ya kumi pia utuambie, naipenda.

NAFULA: Eeh. Tukahesabu. Kiswahili kumi, Kikuyu ikumi, Kisii ikomi, hapo wakaona undugu haraka. Mjaluo akasema apar, akabaki peke yake. Halafu Mkalenjin akasema taman, Mturkana ngitomon, na yule Msomali toban. Darasa likanyamaza. Taman, tomon, toban. Watu wenye wanaambiwa kila siku ni maadui wa kuibiana ng'ombe, na neno lao la kumi ni kama moja tu.

KIPROP: Wazazi walisema nini? Ju lazima kuna mtu aliuliza kama umeanza ukabila.

NAFULA: Baba mmoja alikuja amekasirika, na ninamheshimu, alipoteza duka 2008. Sikubishana. Nilimwambia akae nyuma asikize somo. Alikaa mpaka kengele, hakusema ako sawa na hio kitu, lakini hakumtoa mtoto.

KIPROP: Na yule kijana?

NAFULA: Nyanya alirudi mwaka uliofuata, siku ya kufunga shule. Nilikuwa nimejifunza. Nikatoka nje nikamwambia, "Oyawore, mama." Akanishika mikono yote miwili, "Oyawore ahinya!" Halafu akaanza kuongea, mbio sana, sipati kitu. Na nyuma yangu nikasikia sauti, polepole, hakuna mtu amemuuliza. "Anasema kwetu imenyesha. Anasema mahindi imetoka."