Mataifa ndani ya nyumba: wakubwa wa Roma, dola yao na watumwa wao

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Jioni hii naomba tukae zaidi na kesi moja tu, kwa sababu ndani yake wakubwa wa Roma walitamka waziwazi mambo ambayo kwa kawaida waliyafunika kwa maneno mazuri.

Mwaka 61 B.K., enzi za Kaisari Nero, mkuu wa jiji la Roma, Pedanius Secundus, aliuawa nyumbani kwake na mmoja wa watumwa wake. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, anataja sababu mbili zilizokuwa zikisemwa: ama bwana alipatana naye bei ya kumwacha huru kisha akamgeuka, ama walikuwa wakigombea mpenzi. Mila ya kale ilitaka kila mtumwa aliyekuwa akiishi chini ya paa lile auawe. Walikuwa 400, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, na wengi wao hawakujua lolote.

Watu wa kawaida wakajaa mabarabarani kupinga. Hata ndani ya Seneti, baraza la wakubwa wa Roma, walikuwamo walioona ukali huo umepita kiasi. Ndipo akasimama Gaius Cassius Longinus, mwanasheria aliyeheshimika sana. Hotuba yake tunaipata kwa kalamu ya Tacitus, na wanahistoria wa zama hizo walikuwa na desturi ya kutunga hotuba za watu wao, kwa hiyo mimi naisoma kama sauti ya tabaka zima. Aliuliza: ikiwa cheo hakikumlinda mkuu wa jiji, kitamlinda nani? Wazee wetu, akasema, hawakuwaamini watumwa hata wale waliozaliwa katika mashamba na nyumba zao. Leo tuna mataifa mazima majumbani mwetu, yenye desturi tofauti na dini za kigeni, au yasiyo na dini kabisa, na kundi la namna hiyo hulizuii ila kwa hofu. Vipi basi kuhusu wasio na hatia? Akajibu kwa mfano wa jeshi: kikosi kikikimbia vita, mtu mmoja katika kila kumi hupigwa marungu hadi kufa, na kura hiyo huwaangukia hata mashujaa.

Mataifa majumbani mwetu. Hebu tujiulize yaliingiaje humo. Mwaka 167 K.K. jeshi la Aemilius Paullus liliteka miji 70 ya Epirus, upande wa magharibi wa Ugiriki, na kuchukua watu 150,000 utumwani. Mwaka 57 K.K. Julius Caesar aliuza wakazi wote wa mji wa kabila la Aduatuci huko Galia (Ufaransa na Ubelgiji za leo) kwa mkupuo mmoja, na yeye mwenyewe anaandika kwamba wanunuzi walimpa hesabu ya vichwa 53,000. Anaitaja namba hiyo kisha anaendelea na habari nyingine. Wengi wa watumwa wa zama za Nero walizaliwa utumwani, ni kweli, lakini dola ndiyo iliyowaleta wazazi wao. Aliyeitawala dunia huko nje alilala usiku chini ya paa moja na dunia hiyo hiyo aliyoishinda, naye alijua hivyo.

Mchana, hata hivyo, walikuwa na maelezo ya kuwatuliza. Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, aliandika kwamba zamani, Roma ilipokuwa njema, utawala wake ulistahili kuitwa ulinzi wa dunia kuliko kuitwa utawala. Katika kitabu chake kuhusu dola, mhusika Laelius anatetea hoja kwamba wako watu ambao kutawaliwa ni faida yao. Hoja hiyo ilifaa mikoani na ilifaa sebuleni. Cicero alimpenda kwa dhati mwandishi wake Tiro, akamwandikia barua za wasiwasi alipougua, akamwacha huru mwaka 53 K.K. Mtumwa aliyeachwa huru rasmi na raia wa Roma aliweza kuwa raia, jambo ambalo Athens haikulifanya kwa kawaida. Mimi siuoni wema huo kama ufa katika mfumo. Tumaini la uhuru lilimfanya mtu atii miaka na miaka, bila mjeledi kuinuliwa.

Na Seneca, mshauri wa Nero? Miaka michache baada ya kesi ile alimwandikia rafiki yake Lucilius barua nzuri kuhusu watumwa. Watumwa? La, ni watu, anasema. Kula nao. Ile methali ya mabwana, kwamba una maadui wengi kadiri ulivyo na watumwa, anaikataa: sisi wenyewe ndio tunaowafanya maadui. Kisha anaharakisha kumtuliza msomaji kwamba hasemi watumwa waachwe huru. Wale 400 hawatajwi. Dio, mwanahistoria aliyeandika zaidi ya karne moja baadaye, anadai Seneca huyu huyu aliwakopesha Wabritania, wenyeji wa kale wa Uingereza, sesterti (sarafu za Kirumi) milioni 40 kisha akazidai zote kwa pamoja, na anaitaja kuwa moja ya sababu za uasi wa malkia wao Boudica dhidi ya Roma. Tacitus anauweka uasi huo katika mwaka ule ule wa kesi ya Pedanius.

Cassius alishinda. Umati ulitishia kwa mawe na mienge, na Nero akapanga askari kando ya njia yote waliyopitishwa wahukumiwa. Seneta Cingonius Varro akataka hata walioachwa huru waliokuwa wakiishi katika nyumba ile wafukuzwe Italia. Hilo Nero alilikataa. Miaka mitano kabla, Seneti ilipojadili kama mabwana wapewe haki ya kuwarudisha utumwani walioachwa huru wasio na shukrani, Tacitus anasema ilitolewa hoja kwamba maseneta wengi hawakuwa na asili nyingine isipokuwa hiyo ya utumwa. Bila shaka baadhi yao walikuwa wamekaa humo humo, wakimsikiliza Cassius.