Viatu laini au viatu vya mdundo: namna ya kuchagua viatu vya mbio za marathoni

Karibu, ndugu mtazamaji. Hapa mezani nimeweka viatu viwili vya mguu wa kulia, vyote namba 42, na nitakuonyesha hatua kwa hatua namna ya kuamua ni kipi kitakachokufaa kwa kilomita 42.195. Hiki cha buluu ni kiatu laini, ambacho soli yake ya kati imetengenezwa ili kupunguza kishindo cha mguu unapotua. Hiki cha rangi ya chungwa ni kiatu cha mdundo: soli yake hubonyea na kurudi upesi, na ndani yake kuna bamba jembamba la nyuzi za kaboni. Nitatumia mfano wa Kilimanjaro Marathon ya Moshi, kwa kuwa njia yake hupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kisha ikateremka kurudi mjini, na kiatu kilichokupendeza kwenye tambarare kinaweza kukugeuka hapo.

Hatua ya kwanza, tumia kidole gumba. Bonyeza ubavu wa soli ya kati, karibu na kisigino, kisha uachie ghafla. Katika kiatu cha buluu, ambacho povu lake ni lile la kawaida liitwalo EVA, alama ya kidole inakawia kidogo kabla ya kufutika; sehemu ya nguvu uliyoitia imemezwa na kugeuka joto. Katika cha chungwa, chenye povu la aina ya PEBA, kidole kinazama zaidi, lakini tazama kinavyosukumwa nje mara tu ninapolegeza mkono. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba kiatu cha mdundo lazima kiwe kigumu, ilhali viatu vya mashindano vya siku hizi huwa vinene na laini kwelikweli. Unene huo una mpaka: kwa mbio za barabarani, World Athletics, yaani shirikisho la riadha la dunia, hairuhusu soli inayozidi milimita 40 wala zaidi ya bamba moja, na mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alinyang'anywa ushindi wa marathoni ya Vienna kwa sababu soli za viatu vyake zilifika milimita 50.

Ukinunua mtumba, iwe soko la Memorial pale Moshi au la Karume jijini Dar es Salaam, fanya jaribio hilo kwenye viatu vyote viwili, kisigino na mbele. Povu lililochoka huwa na mikunjo ya mlalo ubavuni, na halirudi sawasawa hata kama kitambaa cha juu bado kinang'aa.

Hatua ya pili, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukunje. Cha buluu kinakunjika pale pale vidole vyako vinapokunjika. Cha chungwa kinakataa, kwa kuwa bamba linauzuia mguu kukunjika na kuufanya ubiringike kwenda mbele. Ukizoea, utaona raha yake. Usipozoea, vigimbi na nyayo zitalalamika.

Hatua ya tatu, vaa kiatu, simama kwa mguu mmoja, kunja goti kidogo, na umwombe mwenzako akupige video kutoka nyuma. Kifundo kikiyumba ndani na nje ukiwa bado hujachoka, fikiria kitakavyoyumba kwenye mteremko wa kutoka Mweka, baada ya kukimbia kwa muda wa saa nne.

Hatua ya nne ndiyo ninayokusihi usiiruke. Mara yangu ya kwanza kuvaa viatu vya bamba, nilikuwa nimevijaribu kilomita 6 tu, asubuhi, miguu ikiwa mipya, nikajiona ninapaa. Siku ya mbio, kilomita ya 33, vigimbi vyote viwili vilikaza kama mawe na nikatembea karibu njia yote iliyobaki. Kiatu hakikuwa na kasoro. Nilikuwa nimekijaribu kwa miguu ambayo siku ya mbio sikuwa nayo tena. Kwa hiyo, wiki tano kabla ya mashindano, panga mbio ndefu ya kilomita 28 kwa mzunguko unaopita nyumbani. Kimbia kilomita 20 za kwanza kwa raba zako za kila siku, kisha badilisha, uvae kiatu unachokipima, na umalize kilomita 8 kwa kasi ya mashindano, ukihakikisha kwamba ndani ya kilomita hizo mna kipande cha kupanda na cha kushuka. Sikiliza hatua zako: zikianza kupiga lami kwa kishindo, kiatu hakikusaidii tena. Wiki mbili baadaye, rudia njia hiyo hiyo kwa kiatu cha pili. Andika muda wa kila kilomita, na andika pia jinsi ulivyoshuka ngazi kesho yake asubuhi, maana mapaja hayafichi.

Hatua ya tano ni uamuzi. Mwaka 2023 mjini Berlin, Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia marathoni kwa saa 2:11:53 akiwa na viatu vya gramu 138 kila kimoja, na picha za siku hiyo zimewashawishi wengi. Lakini anayemaliza kwa saa nne na nusu, yaani dakika 6 na sekunde 24 kwa kilomita, hukaa barabarani zaidi ya mara mbili ya muda huo, na faida ya bamba hupungua kasi inapopungua. Kwa mkimbiaji huyo ningechagua kiatu laini bila kusita. Anayelenga saa tatu, dakika 4 na sekunde 16 kwa kilomita, avae cha mdundo, mradi ameuzoeza mwili wake kiatu hicho. Walio katikati, ambao ndio wengi wetu, watafute kiatu chenye povu la mdundo lisilo na bamba. Kwa njia ya Moshi ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Ukishachagua, kijaribu dukani jioni, miguu ikiwa imevimba, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Pitisha kamba kwenye tundu la mwisho kabisa, hivi, ili kisigino kisipande na kushuka na kuleta malengelenge. Kimbia navyo kilomita 40 au 50 kwa jumla, kisha uvihifadhi kivulini, mbali na jua, hadi asubuhi ya mbio.