Kuvu Zinazoishi Juu ya Kuvumwani: Ukoo au Kazi?

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie uainishaji wa kuvu zinazoishi juu ya kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Nianze na ubishi: kundi hilo, kwa maana ya ukoo, halipo. Spishi zilizokwisha kuelezwa zimezidi 2,000, na nyingi mno ni za Ascomycota, zile zinazofunga spora ndani ya vifuko. Lakini zimetawanyika katika koo nyingi, maana tabia hii imezuka mara kadhaa, kila mara kivyake. Kuziita jamaa moja ni sawa na kudai wavuvi wote wamezaliwa tumbo moja.

Tazameni picha hizi mbili. Vidonge hivi vya waridi ni Illosporiopsis christiansenii, juu ya kuvumwani iitwayo Physcia. Hivi vingine, vyekundu vya matumbawe, ni Marchandiomyces corallinus. Hata kwa lenzi ya mkononi utaapa ni ndugu. Hakuna vifuko vya kuchunguza, hakuna uyoga, basi waainishaji wa zamani walikosa pa kushika. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2001 uliiweka ya kwanza katika Hypocreales, ndani ya Ascomycota. Ya pili ikaangukia Basidiomycota, upande wa uyoga. Hao wameachana mamia ya mamilioni ya miaka!

Mwenyeji naye, yaani kuvumwani inayokaliwa? Anasaidia sana kutambua. Ukikuta Xanthoria parietina ya manjano ina visahani vilivyoingia weusi, fikiria kwanza Xanthoriicola physciae. Ila kutambua si kupanga nasaba.

Mtihani mgumu ni Diploschistes muscorum. Huanza kama kimelea ndani ya kuvumwani nyingine, Cladonia, hutumia mwani wa mwenyeji wake, kisha huubadilisha kwa mwani mwingine, yenyewe ikawa kuvumwani kamili. Tuiweke orodha ipi? Mimi nasema ifuate nasaba yake, na maisha yake yaandikwe pembeni. Kanuni za majina zinaruhusu: jina la kuvumwani ni la kuvu yake, kwa hiyo Diploschistes habadilishi jina anapobadilisha maisha.

Msidhani DNA inamaliza kesi. Kipande kidogo tu kina kuvu ya mwenyeji, mwani, na mgeni wetu, pengine na hamira zilizojificha kwenye gamba. Chukua kidonge chenyewe kwa ncha ya sindano chini ya hadubini, na ubakize kipande kingine kikiwa bado juu ya mwenyeji wake. Mfuatano wa DNA ukitoka, ulinganishe kwanza na wa mwenyeji. Mara nyingi ni yeye huyo huyo umemsoma.