Jinamizi la Nigeria: habari ya Christian Okoye

Asanteni kwa kuja, waliosimama sogeeni huku mbele viti vipo. Leo ni mchezaji mmoja tu, Christian Okoye, manake kila nikitaja futboli ya Kimarekani mtu ananiambia aah ile ya kugongana kama mabeberu. Ni kweli wanagongana. Ila ngoja nikwambie huyu aliyegongwa na kugonga ni nani.

Okoye ni Mwigbo, kazaliwa Enugu 1961, na alikuwa mrushaji, tufe, kisahani, nyundo, hiyo ndo skolashipu iliyompeleka chuo cha Azusa Pacific kule California. Futboli mara ya kwanza aliiona ya kuboa. Sasa 1984 akategemea kwenda Olimpiki ya Los Angeles, Nigeria haikumchagua, na ndo mwaka huohuo akiwa na miaka 23 akavaa mapedi ya mabegani kwa mara ya kwanza. Miaka 23! Wenzake wa Marekani wameanza wakiwa wadogo, wanaijua michoro ya makocha kama wimbo wa taifa, yeye anajifunza sheria. Baada ya miaka mitatu, 1987, timu ya Kansas City Chiefs ikamchukua kwenye drafti, yaani pale timu za ligi zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi ya pili, mtu wa 35 kuchaguliwa.

Kazi yake raning beki, yaani unapewa mpira mkononi unakimbia nao hapohapo walipojazana. Timu inapewa nafasi nne isogee yadi 10, ikishindwa mpira unaenda kwa wapinzani, kwahiyo kocha anataka mtu wa kumletea yadi tatu nne za uhakika, na Okoye alikuwa na kilo kama 118 halafu ana mbio, hebu pata picha unatakiwa umkamate. Ndo wakamwita Jinamizi la Nigeria.

1989 akaja kocha Marty Schottenheimer, basi mpira anapewa Okoye, tena Okoye, tena Okoye. Mara 370 msimu mmoja. Akapata yadi 1,480, namba moja ligi nzima. Gawanyeni hapo: ni yadi nne kila mara, hazifiki hata mita nne, kama kutoka mlangoni mpaka jikoni, ila njiani kuna watu 11 wamelipwa wakuangushe, na ukiangushwa unainuka unarudia. Mara 370. Watu wakimsimulia wanasimulia alivyowatupa wapinzani, mimi namwona anavyoinuka.

Na hilo taji nusura limponyoke, manake Barry Sanders wa Detroit alimaliza na 1,470. Yadi 10 tu pungufu! Mechi ya mwisho timu yake inaongoza, kocha anamwambia ingia ukachukue, Sanders akakataa, akasema tushinde twende nyumbani. Angeingia mara mbili tatu huenda leo namzungumzia yeye.

Sasa tarehe 17 Septemba 1990, Jumatatu usiku, Denver. Hii kipande cha video wengi mmeiona. Okoye kapata uwazi katikati, mbele yake Steve Atwater, mlinzi wa Denver, mwepesi kwake kwa kilo karibu 20, na hakukwepa wala hakumshika miguu, alimjia kifua kwa kifua. Okoye akasimama palepale, kisha akarudi kinyumenyume akakaa chini. Atwater alikuwa kafungwa kipaza sauti usiku ule, kwahiyo kelele zake za furaha zilirekodiwa. Mi naona siyo haki, tukio moja linaoneshwa kila mwaka, hizo yadi 1,480 hakuna anayezionesha.

Msimu ule alishuka mpaka 805, uliofuata akapanda tena 1,031, halafu 448. Majeraha, na hamu ya mchezo nayo ikaisha. 1993 wakiwa kwenye maandalizi ya msimu akaacha, miaka 31, baada ya misimu sita tu. Yadi 4,897, rekodi ya Chiefs enzi hizo, touchdown 40, yaani mara alizofikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani akafunga.

Cha kuchekesha vijana wengi wanamjua kwa gemu ya Nintendo ya 1991, humo anatawanya watu kama kuku barabarani.

Haya, yule kijana wa nyuma aliyekuwa anauliza habari ya helmeti, uliza sasa.